Babangu amelazwa na stroki, na mimi ndo nazama

Binti mmoja ameniandikia wiki hii. Barua yake ilikuwa ndefu, nimeifupisha na kutoa yale ambayo mtu angemjua kwayo:

"Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Kisauni hapa Mombasa, nafanya kazi hoteli. Babangu ana miaka 68, anakaa Likoni na mamangu ambaye magoti yake hayamwezi. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu apate stroki, upande wa kulia umelala na maneno hayatoki, anatoa sauti tu. Mimi niko hospitali kila siku, usiku nalala nje kwenye benchi. Kakangu yuko Qatar, anatuma pesa lakini kila saa anapiga simu mbona daktari hajafanya hivi mbona hajafanya vile. Juzi usiku babangu alikuwa anashikashika hewani, anakodolea macho kona ya dari kama kuna mtu, akavuta ule mpira wa puani akautoa, mimi nikamfokea mbele ya watu akalia. Shangazi anasema hii si stroki ni jini, anataka tumtoe apelekwe kwa mganga ama angalau aletewe kombe anywe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa kwa zafarani. Kazini nishaitwa mara mbili. Najiona mtoto mbaya. Nifanye nini, na je babangu atapona?"

Marahaba mwanangu. Pole, pole sana, na nimekusoma mara tatu kabla sijaandika chochote manake nataka nikujibu wewe kwanza halafu ndo nije kwa babako.

Hujawa mtoto mbaya. Umefoka sababu umeona babako anatoa kitu ambacho ndo kinamlisha, ukaogopa, na mwili wako haujalala siku kumi na mbili. Mtu aliyelala vizuri angeita sista. Wewe hukuwa na nguvu ya kuita, nguvu iliyobaki ilikuwa ya kufoka tu. Kesho ukifika mshike ule mkono wa kushoto, ule unaohisi vizuri, umwambie baba nisamehe nilipiga kelele nilikuwa nimeogopa. Usidhani hasikii. Nitakueleza hapo chini kwa nini nasema hivo.

Sasa nikwambie kitu nilichokilipia mwenyewe. Mimi ni muuguzi, wodi ya medikali nimekaa miaka mingi, na kila familia nilikuwa naiambia nendeni mkalale, mgonjwa tuko naye. Mamangu alipopata stroki yaliniisha yote hayo. Nilikaa kwenye kiti usiku tisa mfululizo, sikubali mtu anipokee, nikidhani nikitoka ndo ataondoka. Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani nikaanguka mimi, homa, mgongo umekataa, sikuweza hata kumgeuza kitandani. Akabaki na mdogo wangu ambaye hakuna mtu alikuwa amemfundisha chochote, na wiki ile ya kwanza nyumbani mamangu akatoka kidonda cha kulalia hapo chini ya kiuno, kilichukua miezi kufunga. Siku zile tisa za kiti hazikumsaidia kitu, wodini alikuwa na watu. Siku aliyonihitaji kweli ndo nilikuwa nimeisha.

Kwa hivo mwanangu, wewe unatumia nguvu zako zote mahali ambapo bado kuna wauguzi, madaktari na mtu wa physio, yule wa mazoezi ya viungo, na wakati kazi yako hasa itaanza siku ile wanakupa karatasi za kuruhusiwa mnavuka feri kurudi Likoni. Leo usiku lala kwako Kisauni. Benchi la nje halimgeuzi babako, halimpi dawa. Acha namba yako kwa sista wa zamu, mwambie nikipigiwa usiku nitakuja, uende ukalale kitandani. Mchana njoo saa ya kutizama wagonjwa, ukiwa umekula, na zile saa chache uzitumie vizuri. Nadhani utaona tofauti ndani ya siku tatu.

Haya, tuje kwa yale ya usiku, manake hapa ndo familia nyingi za kwetu pwani zinapotea njia, na sizilaumu, mimi mwenyewe nimezaliwa Majengo na najua watu wanavoongea mgonjwa akianza kuona vitu.

Mzee aliyelazwa na ugonjwa mzito anaweza kuchanganyikiwa ghafla, hasa usiku. Mchana anakujua, jua likizama anaanza kuona watu, kushika hewa, kuvuta mipira, kutaka kushuka kitandani. Kuna wengine wanakuwa kinyume, wanalala tu kutwa kama hawapo. Tumeyaona haya kwa wagonjwa wa nimonia, wa nyonga kuvunjika, wa sukari, si wa stroki peke yake. Ubongo uliochoka ukichanganya na taa zisizozimwa, kelele, maji machache mwilini, choo kilichofunga siku nne, maambukizi ya mkojo sababu ya ule mpira wa mkojo, ama dawa fulani, unashindwa kupanga kilichopo na kisichokuwepo. Mara nyingi sana kinapotibiwa kile kilichosababisha, tatizo linapungua, japo linaweza kuchukua siku kadhaa ama wiki. Kwa hivo usilinyamazie ukidhani ni aibu ya nyumbani, mwambie daktari wa raundi hivi hivi: "Babangu usiku anachanganyikiwa, imeanza juzi, mchana ni afadhali, naomba mumwangalie mkojo, maji, choo na dawa." Sentensi hio moja inaweza kufanya kazi kuliko usiku kumi wa benchi.

Na wewe una dawa yako ambayo hospitali haina. Mletee miwani yake. Mletee kofia yake ya kila siku, na kama alikuwa anavaa kikoi nyumbani mfunike nacho miguuni. Kila ukifika mwambie ni siku gani, ni saa ngapi, yuko wapi na kwa nini, kwa sauti ya chini, hata kama umemwambia jana. Kama kitanda kiko karibu na dirisha omba pazia lifunguliwe mchana, usiku waombe wapunguze mwanga wakiweza. Akionyesha mtu kwenye dari usibishane naye na wala usimwambie ndio namuona, mwambie tu baba mimi niko hapa, uko salama, halafu umpeleke kwenye kitu kingine. Na muulize sista ule mpira wa puani umebandikwa vipi, manake mara nyingine mgonjwa anavuta sababu unamkwaruza tu.

Shangazi yako usigombane naye. Anampenda kakake na anatafuta njia kwa kile anachokijua. Dua zisomwe, asomewe, aje mtu na msahafu akae pale saa ya kutizama wagonjwa asome polepole, hilo halina madhara na kwa mzee aliyesali maisha yake yote linamtuliza. Lakini mambo mawili uyakatae kwa heshima na kwa msimamo. La kwanza ni kumtoa hospitali. Stroki ni mshipa wa damu kichwani, umeziba ama umepasuka, na skani inaonyesha, mwombe daktari amuonyeshe shangazi ile picha kwa macho yake, nimeona watu wakibadilika wakishaonyeshwa. La pili ni kombe kunywa. Ule mpira wa puani amewekwa sababu koo lake halimezi sawasawa, maji yakipita yanaweza kuingia mapafuni badala ya tumboni na hio ndo nimonia inayoua watu wa stroki, na mapafu hayabagui, iwe ni maji ya kombe ya zafarani, iwe ni zamzam, iwe ni chai ya tangawizi. Mwambie shangazi: shangazi, hata maji ya bomba hatumpi. Mkitaka muulizeni huyo shekhe anayeandika kombe, mwambieni mgonjwa hawezi kumeza, akiwa mtu wa elimu atawaambia apakwe ama asomewe tu.

Hapo hapo nitaje mengine ambayo watu wanayafanya kwa mapenzi na yanaumiza. Msimvute kwa ule mkono uliolala mkitaka kumuinua, bega lake halina misuli ya kulishikilia, litateguka na maumivu yake yanakaa miezi. Msimkande kwa maji ya moto sana upande ule, hahisi joto, ataungua na hatasema. Mguu ukivimba na kupata joto upande mmoja msikande kabisa, semeni haraka, inaweza kuwa damu imeganda. Na mtu asimpe aspirini kutoka mfukoni kwake ati inasaidia stroki, kama yake ni ya mshipa kupasuka mtamuongezea damu kichwani.

Sasa kwa nini nasema anasikia. Stroki ya upande wa kushoto wa ubongo inalegeza mwili upande wa kulia, na kwa watu wengi maneno nayo yanakaa huko kushoto, ndo maana babako hasemi. Lakini kutosema si kutoelewa. Wengi wanaelewa zaidi ya wanavoweza kutoa, wengine wanaelewa nusu, na kila mmoja na kiwango chake. Kwa hivo usizungumze na mamako kwa simu kuhusu bili pale kichwani pake kana kwamba hayupo. Muulize maswali ya ndio na la, moja moja, umpe nafasi, uhesabu polepole hadi kumi kabla hujarudia. Akutikisie kichwa ama akukamue kidole. Halafu jaribu hili siku akiwa ametulia, msomee Alhamdu aya ya kwanza unyamaze, uone kama atafuatisha. Vitu vilivyokaririwa tangu utotoni, sura, dua, kuhesabu moja mbili tatu, hata nyimbo, mara nyingine vinatoka kwa mtu ambaye hawezi kusema jina lake mwenyewe. Mamangu alikuwa hawezi kuniita lakini alimaliza Alhamdu yote, mimi nimesimama pale na beseni mkononi. Isipotoka usivunjike moyo, si dalili mbaya, ni njia moja tu kati ya nyingi.

Na lile la kulia. Stroki yenyewe inaweza kulegeza kufuli la kilio, mtu analia ama anacheka bila sababu kubwa, kwa hivo si kila chozi ni lako. Lakini pia huzuni ya kweli inawapata wengi, karibu mmoja katika watatu baada ya stroki, na ina matibabu, kwa hivo akikaa wiki hataki kula wala physio wala kutizama mtu, muulize daktari kuhusu hilo pia, usiseme ni kawaida ya mgonjwa.

Kakako. Najua anakuchosha. Mtu aliye mbali na babake amelala hana cha kushika isipokuwa simu, na kila anapouliza mbona hawajafanya hivi anasema naogopa. Mpe kazi badala ya kumpa majibu. Mkubaliane hivi: kila siku baada ya raundi utamrekodia sauti moja ya dakika mbili kwenye WhatsApp, yale daktari aliyosema, presha imesomaje, amekulaje, basi, simu nyingine ni dharura tu. Nunua daftari la shilingi chache, kila unachoambiwa andika na tarehe na jina la dawa, manake madaktari wanabadilika zamu na wewe ndo kumbukumbu ya babako. Na msemaji wa familia awe mmoja, wewe ama mwingine mtakayemchagua, wodi inachoka na inachanganyikiwa ikiulizwa na watu sita. Ukiuliza usione haya, Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, kwa hivo daktari akikumiminia maneno ya kidaktari mwambie daktari naomba kwa Kiswahili. Maswali ninayotaka uulize kesho ni machache: ni ya kuziba ama ya kupasuka, koo limepimwa lini na litapimwa tena lini, physio imeanza, na nini mnakiogopa zaidi wiki hii.

Kazi ya pili ya kakako ni bima. Watu wengi wanadhani mtoto akiwa analipa SHA, ile bima ya afya ya serikali, basi wazazi wamo. Hawamo. Mchango wako unakufunika wewe, mume kama unaye na watoto wako, babako lazima awe na wake, na huo wake unamfunika mamako pia. Kama mzee bado ameweka ile kadi ya bima ya zamani, NHIF, kwenye pochi ijue haifanyi kazi, SHA ilichukua nafasi tarehe 1 Oktoba 2024. Bonyeza *147# muone amesajiliwa, na kusajiliwa peke yake hakutoshi, mchango uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara anapimwa kulingana na hali yake, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi na inalipwa ya mwaka mzima pamoja, yaani 3,600. Kakako ailipe hio kabla hajatuma pesa nyingine yoyote. Kitakachobaki kwenye bili msikae nacho hadi siku ya kuruhusiwa. Hospitali za serikali zina ofisi ya sosho waka, yaani ustawi wa jamii, nenda mapema na daftari lako ueleze hali ilivyo, wanaoenda mapema wanasikilizwa kwa utulivu.

Kazini, usiendelee kuomba ruhusa ya nusu siku nusu siku, hio ndo inamkasirisha bosi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, kaa na msimamizi wako, mueleze mambo yote mara moja, na umwambie unataka sehemu ya hizo siku uziweke kwa wiki ile babako atarudi nyumbani. Usizimalize sasa. Hili nalisisitiza manake kila mtu anazimaliza sasa.

Kuanzia wiki hii waombe wakufundishe. Mwambie mtu wa physio nataka unionyeshe jinsi ya kumgeuza, kumkalisha, kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini, na nifanye mimi wewe ukiangalia. Njoo na mtu mwingine, binamu, jirani kijana mwenye nguvu, si mamako na magoti yale. Kumgeuza ni kila masaa mawili, mchana na usiku, na kila ukimgeuza tizama visigino, nyonga na pale chini ya kiuno, ngozi ikiwa nyekundu na haibadiliki ukibonyeza ndo kidonda kinaanza. Kulisha, siku watakayokubali ale kwa mdomo, akae wima kabisa, kijiko cha chai, ameze kwanza ndo kiingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa ama sauti ikawa kama ina maji acha hapo hapo. Mtanunua pampasi, mashine ya presha, godoro lisilozama. Na fikirieni feri, mtu wa kiti cha magurudumu kuvuka Likoni asubuhi ya watu wengi kila wiki kwa ajili ya physio ni mateso, ulizeni mapema kama kuna kliniki upande wenu ama mtu wa physio anayeweza kufika nyumbani, na safari za kuvuka zibaki za daktari tu.

Atapona? Mwanangu sitakudanganya na sitakukatisha. Siku kumi na mbili ni mapema mno kusema. Kinachorudi kinarudi kwa kasi zaidi miezi mitatu ya mwanzo, ndo maana nakusukuma kuhusu physio, na baada ya hapo kinaendelea lakini polepole, nimeona watu wanapata neno jipya mwaka wa pili. Mguu mara nyingi unatangulia mkono. Wengine wanatembea na fimbo, wengine wanabaki kitini, na wengine stroki ya pili inawakuta, kwa hivo dawa ya presha isikatwe hata siku moja ati kwa sababu anaonekana mzima. Na kama daktari atakuja kukuambia hali inashuka, muulize wazi, tunafanya nini ili asiumie, na umwite kakako kwa video aone uso wa babake. Hio ndo siku ya kukaa usiku, na nguvu utakuwa nayo.

Mamako pia umtizame. Hajaja hospitali sababu ya magoti, yuko peke yake Likoni na kitanda kitupu, na hakuna anayempigia isipokuwa kumwambia bili. Mpigie video babako akiwa macho, hata kama hasemi, waonane.

Leo lala. Kesho mchana pitia Likoni kwanza uchukue ile miwani.